Somo: Kupatana bei ya gari yadi, Dar es Salaam

Mwenye yadi anajua gari limemgharimu kiasi gani; wewe unajua bei aliyoitaja tu. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Somo hili ni la magari ya Japani yaliyotumika ambayo bado hayajasajiliwa hapa: IST, Premio, Noah na wenzao.

Hatua ya 1: Piga hesabu zake kabla hujatoka nyumbani
Ingia tovuti ya TRA, tafuta kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Jaza modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kitakupa jumla ya kodi. Humo mna ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa unaotegemea cc, na ule wa uchakavu: gari likifika miaka 8 linaongezewa 15%, likivuka 10 ni 30%. Ndiyo maana magari mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kupishana bei sana kwa tofauti ya mwaka mmoja tu.

Kisha tazama wauzaji wa Japani mtandaoni wanaliuza gari kama hilo bei gani, meli ikiwemo mpaka bandari ya Dar. Jumlisha na kodi, gharama za bandari na wakala wa forodha. Kinachobaki kufikia bei ya yadi ni faida yake, na hicho tu ndicho mnachogombania. Kodi ameshalipa, hawezi kukupunguzia. Ukiomba punguzo la milioni 5 kwenye gari ambalo faida yake ni milioni 2, atakuona umekuja kupoteza muda, na hata ile laki 8 aliyokuwa tayari kuiachia hutaiona.

Hatua ya 2: Nenda na fundi, dalali mwache
Dalali ana cha juu chake, hata akikuapia kwamba anakusaidia bure. Fundi naye awe wako, asiwe yule anayeshinda nje ya yadi. Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Kwenye tairi soma tarakimu 4 za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Omba karatasi ya mnada ya Japani, linganisha kilomita. Daraja R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kila kasoro iandike na gharama ya kuirekebisha.

Hatua ya 3: Uliza bei ina nini ndani
Usajili na namba vimo? Bima je? Wengine hutaja bei ya chini, halafu hivi vinakuja kama nyongeza mkishakubaliana.

Hatua ya 4: Taja bei yako, kisha nyamaza
"Bosi, gari nimelipenda. Tairi zote zimekwisha, shokapu za mbele zinavuja. Nina milioni 15 na nusu, tunakwenda benki leo." Usijaze ukimya kwa kujipandishia mwenyewe, hili ndilo gumu kuliko yote. Akigoma kushuka, hamia kwenye vitu: tairi mpya, sevisi, bima kubwa.

Hatua ya 5: Lipa benki
Akaunti iwe ya kampuni, siyo simu ya kijana wa mauzo. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye bei kamili.

MASWALI

Mkuu, wanataka advansi ili wanishikie gari. Nitoe?
Toa kidogo, kwa maandishi yanayosema inarudishwa au hairudishwi. Na fundi awe ameshalikagua.

Je, kama gari limeshasajiliwa hapa, lina namba D tayari, na yadi inaliuza kwa niaba ya mwenyewe?
Hapo kikokotoo hakikusaidii sana, linganisha na bei za mkononi. Taka kadi halisi, jina lake lifanane na kitambulisho cha mwenye gari, angalia faini za barabarani kwa namba hiyo, na mkataba usainiwe mbele ya wakili.

Nikienda mwenyewe kama mwanamke wananipandishia. Nifanyeje?
Dada, uliza bei kwa WhatsApp kabla hujaenda. Ukifika unawaonyesha maandishi yao wenyewe.

Niko Mombasa, somo linanifaa?
Njia ni ileile, hesabu ni tofauti. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na KRA (mamlaka ya mapato ya huko) wanakokotoa kodi kwa orodha yao ya CRSP, yaani bei za rejareja za magari. Anzia hapo.