Somo: Ukiwekewa petroli kwenye gari la dizeli, usiguse swichi

Habari zenu ndugu. Somo hili linaniuma tangu niletewe Prado moja ya dizeli, imevutwa kwa kamba kutoka Muheza mpaka gereji kwetu Ngamiani, Tanga mjini. Mwenyewe alijaziwa petroli lita 40 asubuhi. Kosa aliliona pale pale sheli, kwenye risiti, gari bado halijawashwa. Akashauriwa aongeze dizeli juu yake, "itachanganyika, itaenda tu". Ikaenda. Kufika Pongwe ikaanza kukosa nguvu na kugonga, na kabla ya kuingia Muheza mjini ikazima moja kwa moja.

Nilichomoa mpira unaorudisha mafuta tenkini, nikamimina kidogo kwenye sahani nyeupe. Chini ya sahani likabaki vumbi linalometameta kama unga wa fedha. Ule ulikuwa mwili wa pampu. Pampu ya presha ya gari kama lile hailainishwi na kitu kingine ila dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Petroli ni kavu. Ikipita, chuma kinasaga chuma kwa presha ya zaidi ya ba 1,000. Unga unaotoka unaingia kwenye nozo zinazopuliza dizeli ndani ya injini, na mwingine unarudi tenkini kuanza safari upya. Bwana yule alilipia pampu, nozo nne, na kusafisha tenki na mipira yote. Angelisukuma lile gari pembeni na kunipigia simu, angelipia kumwaga tenki na filta moja.

Haya, fuata hivi.

Kwanza, usiwashe. Hata kufungulia swichi bila kupiga stata usifanye, maana magari mengi yana pampu ndogo ndani ya tenki inayoanza kuvuta mara taa za dashibodi zinapowaka. Kaa siti ya nyuma siku moja pakiwa kimya, mwenzako afungulie swichi: utasikia mlio mwembamba, zzzz, sekunde mbili tatu. Mlio huo ndio unaosukuma mafuta mabaya kuelekea injini. Wakati wa kulisukuma, usukani ukiwa umefungwa, funguo iishie ACC, hatua ya kabla ya taa za dashibodi kuwaka. Gari la otomatiki likikataa kutoka P, bonyeza kile kidude kilichoandikwa Shift Lock karibu na gia.

Pili, lisukumeni mlitoe kwenye pampu ya sheli, na risiti uitunze. Ukigundua ukiwa njiani, usiseme nifike tu stendi ya Kange. Toka barabarani, zima, weka pembetatu.

Tatu ni kumwaga, na hapa naomba mnisikilize sana. Mchanganyiko wa petroli na dizeli uhesabu kuwa ni petroli tupu, kwa sababu petroli kidogo tu inatosha kuufanya ushike moto kwa cheche. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kukaa kwenye mashimo. Kwa hiyo usimwagie juu ya shimo la gereji, wala karibu na mchomeleaji au jiko la mkaa la mama lishe. Fanya kazi nje, chomoa betri, mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu. Usivute mpira kwa mdomo. Mafuta yakiingia kwenye mapafu ni hospitali. Magari mengine yana nati ya kumwagia chini ya tenki, mengine utafungua mfuniko wa pampu chini ya siti ya nyuma.

Tenki likishakauka, tia dizeli lita tano hivi, tikisa gari, mwaga tena. Funga filta mpya, tia dizeli safi, kisha pampu ya mkono juu ya filta uibonyeze mpaka iwe ngumu, ndipo hewa imetoka. Sasa washa.

Dizeli kwenye gari la petroli hutokea mara chache, kwa kuwa nozeli ya dizeli ya sheli ni nene na mara nyingi haiingii mdomo wa tenki la petroli. Wanaopatwa ni wanaojaza kwa dumu. Gari litatoa moshi mweupe, litakwamakwama na kuzima. Mwaga, safisha plagi, badilisha filta. Madhara yake huwa madogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, ikiingia petroli lita mbili tu kwenye tenki la lita 80, si nijazie dizeli niendelee?

Jibu: Kaka, ushauri huo una asili yake. Zamani huko Ulaya watu walichanganya petroli kidogo wakati wa baridi kali ili dizeli isigande, na injini za enzi hizo zilivumilia. Tanga hatuna baridi hiyo, na gari lako la komoni reli, yaani dizeli ya kisasa yenye pampu ya presha kubwa, halina uvumilivu huo. Mwaga.

Swali: Shikamoo fundi. Naazimwa gari la shemeji. Nitajuaje linatumia nini bila kumsumbua?

Jibu: Marahaba mwanangu. Soma ndani ya kifuniko cha tenki. Kisha fungulia swichi utazame dashibodi: taa ya njano yenye umbo la springi ni ya dizeli. Tazama pia mshale wa mizunguko ya injini. Ya dizeli nyingi eneo jekundu linaanzia karibu na 4,500, ya petroli huenda 6,000 na zaidi. Ukibaki na shaka, msumbue shemeji.

Swali: Kosa ni la mhudumu. Nani analipa?

Jibu: Ongea na msimamizi kabla gari halijaondoka hapo, piga picha ya pampu na risiti, muandikishane. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo ushahidi wako. Mkishindwana, peleka malalamiko EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Ila dada yangu, ukiwasha na kuondoka huku unajua, umejidhoofishia madai.

Swali: Mafuta yaliyomwagwa nifanyie nini? Ni lita 40, hela hizo.

Jibu: Najua ni hela. Lakini usiyauze kama mafuta ya taa, wala usimpe mtu atie kwenye jiko la mchina au kwenye taa ya chemli. Likiwashwa jiko hilo linaweza kulipuka mbele ya mpikaji. Mtaroni pia hapana, mvua ikija yanaishia baharini. Sisi gereji tunayaweka kwenye dumu la chuma lenye kifuniko, mbali na jua, na juu yake tumeandika kwa rangi nyekundu: SI YA JIKO. Kijana mgeni akija kazini, dumu hilo ndilo la kwanza ninalomwonyesha.