Jinsi ya Kuamua Kuhusu Chipu ya Utambulisho ya Mbwa na Kuifanya Ifanye Kazi Yake

Mjadala kuhusu mikrochipu za mbwa una maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni iwapo ni salama na ni haki kumwekea mnyama kifaa mwilini, na la pili ni iwapo serikali iwalazimishe wote wanaofuga mbwa kufanya hivyo. Anayetaka kuamua kwa utulivu ayatenganishe, kwa sababu mtu anaweza kuipinga sheria ya lazima na bado akaona kwamba mbwa wake mwenyewe anaihitaji chipu, na mwingine anaweza kuitetea sheria hiyo kwa nguvu zote ilhali chipu ya mbwa wake haijasajiliwa popote. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: naiunga mkono chipu, lakini naona kwamba maneno mengi hutumika kuijadili sindano, wakati kinachoamua kama mbwa aliyepotea atarudi kwao ni taarifa zilizosajiliwa kwa namba yake.

Anza kwa kukifahamu kifaa chenyewe. Chipu ni kidonge cha kioo maalumu kisichodhuru mwili, chenye urefu wa takriban milimita 12 na unene wa milimita 2, ukubwa unaokaribiana na punje ya mchele. Ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa na kipande cha elektroniki kilichohifadhi namba, wala hamna betri. Skana, yaani kifaa cha kuisomea chipu, inapopitishwa karibu na ngozi hutoa mawimbi ya redio yanayoipa chipu nguvu kwa muda mfupi sana, nayo hujibu kwa kuitoa namba hiyo. Nje ya hapo chipu haifanyi kazi yoyote, na kwa kuwa haina betri ya kuisha, inaweza kumtumikia mbwa maisha yake yote. Haioneshi mbwa yuko wapi. Anayetaka kumfuatilia mbwa akiwa mbali anahitaji kifaa cha setilaiti cha kuvalishwa shingoni, ambacho ni chombo kingine kabisa chenye betri na gharama zake, na nimeona watu wakikata tamaa na chipu kwa sababu tu waliitarajia ifanye kazi isiyo yake.

Namba hiyo kwa kawaida ina tarakimu 15 na hufuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, vinavyotumia masafa ya kilohezi 134.2. Tarakimu tatu za mwanzo hutambulisha nchi au, zinapoanza na 9, mtengenezaji. Viwango hivi si mambo ya wataalamu peke yao. Nchini Marekani zilitumika kwa miaka mingi chipu za masafa mengine, hasa kilohezi 125, na skana za upande mmoja hazikuweza kusoma chipu za upande wa pili. Mwaka 2004, katika jimbo la Virginia, mbwa aliyekuwa na chipu aliuawa katika kituo cha wanyama kwa sababu skana iliyokuwapo haikuitambua. Kwa hiyo, unapozungumza na daktari wa mifugo, uliza kwa maneno yaliyo wazi kama chipu anayotumia inafuata viwango hivyo viwili, na usiipokee ya aina nyingine hata ikiwa ya bei ndogo.

Sasa zipime hoja za wanaopinga, nazo zinastahili kusikilizwa. Maumivu yapo, kwa kuwa sindano ya chipu ni nene kuliko ya chanjo, lakini ni ya mara moja, huisha baada ya muda mfupi, na kwa mbwa wadogo sana zipo chipu nyembamba zaidi zenye urefu wa takriban milimita 8. Hoja ya saratani ni nzito zaidi. Ni kweli kwamba panya wa maabara waliowekewa chipu wamewahi kuota uvimbe wa saratani kuizunguka, na ni kweli kwamba majarida ya tiba ya wanyama yamechapisha visa vya mbwa walioota uvimbe mahali chipu ilipokuwa. Visa hivyo vya mbwa, hata hivyo, ni vya kuhesabika kwa vidole, ilhali mbwa wenye chipu ni mamilioni. Nchini Uingereza, chama cha madaktari wa wanyama wadogo kilianza kupokea taarifa za madhara mwaka 1996, na katika kipindi ambacho wanyama zaidi ya milioni 4 waliwekewa chipu, taarifa zilizopokewa hazikufika 400, nyingi zikiwa za chipu kuhama mahali pake. Taarifa za aina hii hazikusanyi kila tukio, kwa hiyo nisingependa mtu azichukue kama hesabu kamili. Hata ukizizidisha mara kadhaa, bado hatari ya mbwa kupotea na asitambulike ni kubwa kuliko hatari ya chipu yenyewe. La kufanya ni kulipapasa eneo hilo unapomwogesha mbwa au kumchana manyoya, na ukikuta uvimbe unaokua, umpeleke kwa daktari bila kungoja.

Kuhusu faragha, chipu haina jina wala anwani, na mwizi mwenye skana atapata tarakimu tu. Swali la haki liulizwe kwa wanaotunza kanzidata, yaani orodha za kompyuta ambamo namba za chipu husajiliwa pamoja na taarifa za wenye mbwa: ni nani anaruhusiwa kuona taarifa zako, je, humpa aliyemwokota mbwa namba yako moja kwa moja au humpigia mwenye mbwa kwanza, na je, wanaziuza kwa watangazaji? Mimi ningechagua kanzidata inayompigia mwenye mbwa kwanza.

Suala la kulazimisha kwa sheria limeamuliwa kwa namna tofauti. Nchini New Zealand, mbwa wanaosajiliwa kwa mara ya kwanza tangu Julai 2006 hutakiwa kuwa na chipu, lakini mbwa wanaofanya kazi ya kuchunga mifugo mashambani wamesamehewa. Katika England ni lazima tangu tarehe 6 Aprili 2016, mbwa akishafikisha wiki 8, na faini inaweza kufika pauni 500. Japani, kuanzia Juni 2022, imewalazimisha wazalishaji na wauzaji wa mbwa na paka. Wapinzani husema kwamba anayetupa mbwa barabarani hatajali sheria, na mzigo utamwangukia mtu mwenye kipato kidogo ambaye angemtunza mbwa wake vizuri hata hivyo. Watetezi hujibu kwamba chipu humfichua anayezalisha mbwa kwa ukatili na kuwauza kiholela, kwa sababu kupitia namba hiyo kanzidata inaweza kuonesha jina la aliyemsajili mbwa kwa mara ya kwanza. Nawaunga mkono watetezi kwa sharti moja: sheria iguse kanzidata na wajibu wa kupitisha skana, isiishie kwenye sindano. Mbwa anayefikishwa kituoni bila mtu kumpitishia skana ni sawa na asiye na chipu.

Ukiamua kuendelea, hatua ya kwanza ni kumwomba daktari ampitishie mbwa skana kabla ya kumdunga, hasa kama ulimpata mbwa akiwa mkubwa. Huenda tayari ana chipu, na chipu mbili zilizosajiliwa kwa watu wawili huleta utata usio wa lazima. Hatua ya pili ni kuisoma chipu mpya ikiwa bado ndani ya sindano na kulinganisha namba na karatasi yake. Kisha daktari huinua ngozi kati ya mabega na kuidunga chini yake. Katika nchi kadhaa za bara la Ulaya huwekwa upande wa kushoto wa shingo. Dawa ya usingizi kwa kawaida haihitajiki, ingawa wengi husubiri siku ambayo mbwa atapewa dawa hiyo kwa sababu nyingine, kama vile kuhasiwa, na huo ni mpango mzuri. Baada ya hapo skana ipitishwe tena kuhakikisha kwamba chipu imeingia na inasomeka, kwani wakati mwingine hutoka na sindano na kubaki ndani ya manyoya. Usilipapase wala kulisugua eneo hilo siku hiyo, na mwogeshe mbwa baada ya siku chache. Kazi hii ifanywe na daktari au mtu aliyefunzwa, kwa sababu chipu iliyodungwa vibaya inaweza kumjeruhi mbwa mdogo vibaya sana.

Hapa ndipo watu wengi huondoka wakiamini kwamba wamemaliza, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2009, uliohusisha vituo 53 vya wanyama, ulionesha kwamba mbwa wenye chipu walirudishwa kwa wenyewe kwa kiwango cha asilimia 52.2, wakati kiwango cha mbwa wote waliookotwa kilikuwa asilimia 21.9. Tofauti hiyo ni kubwa na inatosha kuitetea chipu. Lakini utafiti huohuo ulionesha kwamba ni takriban asilimia 58 tu ya chipu zilizokutwa ndizo zilizokuwa zimesajiliwa, na kwamba sababu kuu ya kutompata mwenye mnyama ilikuwa namba ya simu isiyo sahihi au iliyofungwa. Wanyama hao walidungwa sindano, wenyewe wakalipa, na simu haikupokewa.

Basi isajili namba siku hiyohiyo, na uisajili wewe mwenyewe. Kuandikwa kwake katika faili la daktari si usajili, isipokuwa daktari akuoneshe kwamba ameituma kwenye kanzidata na wewe umepokea uthibitisho. Andika jina lako, namba mbili za simu, barua pepe, na namba ya mtu mwingine asiyeishi nanyi, kwa sababu mbwa hupotea zaidi nyakati za safari na misukosuko ambapo simu ya nyumbani haipatikani. Ongeza picha, alama za mwilini, na ugonjwa wowote unaohitaji dawa kila siku, jambo ambalo linaweza kumwokoa mbwa akiwa mikononi mwa wageni. Kisha itafute namba yako katika huduma za utafutaji ambazo vituo hutumia, kwa mfano ile ya chama cha hospitali za wanyama cha Marekani au Europetnet ya Ulaya, uone kama inaonekana kweli. Huduma hizi hueleza ni kanzidata ipi inayoishikilia namba, si taarifa zako binafsi.

Kanzidata nazo zinaweza kufa. Mapema mwaka 2025 kampuni ya Marekani iitwayo Save This Life iliacha kufanya kazi ghafla, na wenye chipu zinazoanza na 991 au 900164 wakashauriwa kuhakikisha kwamba zimesajiliwa kwingine. Chipu zenyewe zilikuwa nzima, kwa kuwa namba ileile inaweza kusajiliwa katika kanzidata nyingine bila kumdunga mbwa tena. Ndiyo maana nashauri kuitafuta namba yako angalau mara moja kila mwaka, ukiambatanisha kazi hiyo na chanjo, na kumwomba daktari apitishe skana siku hiyohiyo, akianzia kati ya mabega na kushuka polepole hadi kwenye viwiko na kifua, kwa sababu chipu huweza kuhama. Mkanda wenye chuma uvuliwe kwanza, kwani chuma kinaweza kuizuia skana isisome.

Chipu isiuondoe mkanda wa shingoni wenye kibati cha namba ya simu. Jirani anayemwona mbwa wako akizurura hana skana, lakini ana macho na simu. Vilevile chipu isichukuliwe kuwa hati ya umiliki: katika Uingereza, kwa mfano, aliyesajiliwa ni mtunzaji, na usajili pekee hauthibitishi kwamba mbwa ni mali yake. Hifadhi risiti ya ununuzi, kadi ya chanjo na picha za tangu utotoni, kwa sababu mgogoro ukifika mahakamani vitu hivyo vitahitajika.

Mbwa akipotea, iarifu kanzidata mara moja ili namba iwekewe alama ya kupotea, na uhakikishe simu zako zimewashwa. Kisha vitembelee vituo mwenyewe, usiridhike na kupiga simu. Ukiokota mbwa wa mtu, mpeleke akapitishiwe skana kabla ya kumpa jina au kumtafutia makao mapya, hata kama amekonda na anaonekana ametupwa. Mbwa aliyepotea kwa wiki kadhaa huonekana hivyo pia.

Kwa anayepanga kusafiri na mbwa kwenda Umoja wa Ulaya, mpangilio ni jambo la kuzingatia sana: chipu iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku hiyohiyo, la sivyo chanjo hiyo haitahesabiwa. Baada ya chanjo ya kwanza husubiriwa siku 21, na kwa wanaotoka katika baadhi ya nchi hutakiwa pia kipimo cha damu, kinachochukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo na kufuatwa na miezi mitatu ya kusubiri. Chale za utambulisho, yaani namba iliyochorwa kwa wino kwenye ngozi badala ya chipu, hukubaliwa iwapo tu zinasomeka vizuri na ziliwekwa kabla ya tarehe 3 Julai 2011.

Unapomuuza au kumgawa mbwa, usimkabidhi anayempokea namba kwa mdomo tu. Kaeni pamoja naye, mbadilishe taarifa katika kanzidata mkiwa hapo hapo, na asiondoke kabla ya kupata uthibitisho wenye jina lake. Mbwa akifa, iarifu kanzidata pia, ili namba yake isiendelee kuonekana kana kwamba ni ya mbwa aliye hai.