Unaunda kompyuta yako ya kwanza na pesa ni kidogo? Anza na pawa sapulai

Kila mtu anayetaka kuunda kompyuta ya mezani anauliza prosesa gani, ram ngapi, hakuna anayeuliza pawa sapulai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na mimi pia mwanzoni sikuuliza. Ile ya kwanza niliitia pawa sapulai ya bei ya chini kabisa dukani, ile ukiibeba ni nyepesi kama boksi tupu, ikafanya kazi miezi minne vizuri tu. Halafu jioni moja umeme ukakatika kwetu Kyaliwajjala, ukarudi, ukakatika tena, uliporudi mara ya tatu nikasikia pa! na harufu ya kuungua, pawa sapulai imekufa na imeondoka na madabodi (ile bodi kubwa ambapo vitu vyote vinachomekwa) na hadi diski yenye picha zote za mazishi ya baba. Madabodi nilinunua nyingine, picha ndo basi tena.

Kwa hiyo ushauri wangu uko hapo. Kabla hujagusa hela ya kitu kingine, tenga ya pawa sapulai mpya, siyo mtumba, yenye alama ya 80 Plus na jina la kampuni inayojulikana, wati 450 zinatosha kabisa kwa mashine ninayokuambia hapa. Zibebe mbili tatu dukani ulinganishe uzito, nzuri ina shaba na chuma ndani, utausikia mkononi. Na tafadhali angalia nyuma kama kuna kale kaswichi kekundu kameandikwa 115 na 230, kwa sababu umeme wetu Uganda ni volti 240 na mashine nyingine za mitumba zinatoka Marekani zikiwa zimewekwa 115, ukichomeka bila kugeuza umeiua sekunde ileile.

Baada ya pawa sapulai ni kinga. UPS ndogo (ile yenye betri ndani) ni bora, kama huwezi basi chukua hata ile kinga ya friji inayosubiri dakika kadhaa umeme utulie ndo iuruhusu kupita, kwa sababu kinachoua zaidi ni ile kurudi kwa ghafla. Sisi wa upande huu wa Ziwa Viktoria tunajua radi zake, mvua ikianza chomoa plagi na waya wa intaneti pia, radi inapitia hata huko. Halafu ukigusa keisi ya chuma ukahisi kama inakutekenya vidole, nyumba haina athi (waya wa kupeleka umeme ardhini), usivumilie hata siku moja, ita fundi wa umeme.

Sasa prosesa. Kama pesa ni kidogo usinunue kadi ya grafiki kwanza, chukua prosesa yenye grafiki yake ndani. Kwa AMD tafuta zenye herufi G mwishoni za soketi ya AM4 (soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye madabodi), Ryzen 3 3200G kama mfuko umebana, Ryzen 5 5600G kama unaweza kusogea kidogo, hiyo ina koo 6, yaani kama prosesa sita ndani ya moja, na itakufaa miaka mingi kwa shule, kuhariri picha, video za kawaida na gemu nyepesi. Kwa Intel kuwa makini na zenye herufi F mwishoni, hizo hazina grafiki, utaunganisha kila kitu halafu monita ibaki nyeusi na utadhani umeharibu. Madabodi ya B450 inabeba zote mbili lakini ikiwa ni ya stoku ya zamani huenda bayosi yake (programu ndogo ya kuwashia iliyo ndani ya madabodi) haiijui 5600G, mwambie muuzaji aisasishe kabla hujaondoka dukani. Madabodi ya A520 usiichanganye na 3200G, haiikubali. Njia ya uhakika ni kuingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, kuna orodha ya prosesa zote inazokubali, dakika tano tu.

Ram nunua mbili za GB 8, usichukue moja ya 16, maana grafiki ya ndani inakula ram ileile na zikiwa mbili zinafanya kazi sambamba, tofauti inaonekana kwa macho. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kingo zake zimekatwa mahali tofauti, ikikataa kuingia usiisukume. SSD (diski isiyozunguka) hata ya GB 256 ndiyo itakayokufanya uione mashine ina kasi, ile diski ya kuzunguka ibaki ya kuhifadhia sinema. Keisi chukua yoyote yenye matundu mbele na nafasi ya feni, taa taa za rangi subiri.

Kuna wanaosema si ununue tu Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, zile kompyuta za ofisini, uiongezee vitu, na kwa kweli kwa mtu mwenye hela ndogo sana ni njia nzuri na mimi siipingi. Ila jua unachonunua. OptiPlex 7010 ile ya mnara inakubali pawa sapulai ya kawaida ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zina plagi zao zenyewe, pawa sapulai ikifa utazunguka mji mzima kutafuta nyingine.

Ukishuka mjini kununua usiende na haraka. Zunguka maduka ya katikati ya Kampala angalau matatu, uliza bei tu siku ya kwanza, rudi nyumbani fikiri, kesho yake nunua. Sehemu za mtumba zinazofaa ni keisi, monita, kibodi, na prosesa pia kwa sababu prosesa haifi ovyo. SSD ya mtumba mimi sinunui, na hata mpya omba waichomeke kwenye mashine yao ufungue programu ya CrystalDiskInfo uone masaa iliyofanya kazi, mpya kweli itaonyesha sifuri au karibu yake. Omba risiti yenye tarehe na namba ya siriali ya kifaa. Kama uko Arua au Kasese na vitu vinakuja kwa basi, waambie madabodi isifungwe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) tu, ibaki ndani ya boksi lake.

Kuunganisha ndo sehemu watu wanaogopa na kumbe ni rahisi kuliko kununua. Safisha meza, vua sweta, gusa chuma cha keisi kila mara ili umeme tuli utoke mwilini. Weka madabodi juu ya boksi lake. Nyanyua kile kimkono cha soketi, tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa, ilinganishe na pembetatu ya kwenye soketi, iachie ianguke yenyewe, usikandamize hata kidogo, kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa na ikipinda moja una kazi ya sindano usiku kucha. Shusha kimkono. Kama madabodi ina sloti nne, ram ziingie ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, bonyeza mpaka usikie tak pande zote. Feni ya prosesa ikiwa mpya huwa ina pesti ya kupitisha joto tayari chini yake, kama haina weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, inatosha, usipake kama siagi ya mkate. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo, na waya wa feni uchomeke palipoandikwa CPU_FAN.

Kabla hujaingiza kwenye keisi, washa hapohapo juu ya boksi. Chomeka plagi ya pini 24, chomeka na ile ya pini 8 pembeni ya prosesa (hii ndiyo inayosahaulika na wengi), monita kwenye tundu la madabodi, halafu gusisha zile pini mbili za kuwashia kwenye madabodi, zilizoandikwa PWR_SW, kwa ncha ya bisibisi sekunde moja. Feni izunguke na picha itokee. Ikijizima na kujiwasha mara moja mbili usishtuke, inapima ram. Isipoonyesha kitu, zima, toa ram zote, rudisha moja tu. Ni bora ujue kosa sasa kuliko baada ya kukaza skrubu ishirini.

Ikiwaka, zima kwenye soketi ya ukutani, ingiza kwenye keisi. Kile kibati cha nyuma chenye matundu kinatangulia, na zile nguzo ndogo za shaba lazima ziwe chini ya kila tundu la madabodi na isiwepo ya ziada, madabodi ikigusa chuma inapiga shoti. Waya ndogo za mbele ndo zinachosha macho, fuata kitabu cha madabodi, zile za taa zina chanya na hasi, ya kuwashia haijali.

Kwa programu ya kuendesha mashine mimi naweka Linux Mint badala ya Windows, ni bure, inaingia kwenye fleshi ya GB 8, na inakuja na LibreOffice ya kuandikia na mahesabu. Windows za kukraki zinazouzwa kwenye fleshi mjini usiziweke, huwezi kujua ndani yake kuna nini na wewe unafungua mobile money na benki humo. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayetaka Windows anunue leseni ya 11, 3200G na 5600G zote zinaikubali.

Siku ya kwanza andika mahali joto la prosesa ikiwa imetulia. Vumbi letu jekundu la murramu linaingia kila mahali, baada ya miezi mitatu pima tena, joto likipanda kwa digrii kumi na kuendelea zima, chomoa, fungua ubavu, futa kwa brashi mpya ya rangi huku umeshikilia feni kwa kidole isizunguke.