Kromosomu zikikosa kuachana: jifunze kwa uzi na karatasi tu

Nyinyi wa S.5 na S.6 mnaosoma bayolojia, hii topiki msiikariri, ifanyeni kwa mikono. Tafuta uzi wa rangi mbili, hata vipande vya kwa fundi cherehani vinatosha, na karatasi kubwa.

Kata nyuzi mbili nyekundu zenye urefu sawa uzifunge pamoja katikati, hiyo ni kromosomu moja (kibeba jeni ndani ya seli) iliyokwisha kujinakili, na fundo ndio sentromia. Fanya hivyo na bluu pia. Nyekundu imetoka kwa mama, bluu kwa baba, hiyo ndio jozi namba 21. Binadamu ana jozi 23, lakini shika hii moja tu usichanganyikiwe.

Anza na meiosisi nzuri, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume: mgawanyiko wa kwanza nyekundu kushoto bluu kulia, wa pili unafungua mafundo, unabaki na seli nne kila moja na uzi wake.

Sasa kosea makusudi. Mgawanyiko wa kwanza peleka zote mbili kushoto, kulia pabaki patupu, alafu endelea na wa pili kawaida. Seli mbili zina nyuzi mbilimbili, mbili hazina kitu, yaani ukihesabu na kromosomu za jozi nyingine ni 24, 24, 22, 22 badala ya 23, hakuna hata moja iliyopona. Rudia, safari hii kosa liwe kwenye mgawanyiko wa pili, fundo la upande mmoja ligome kufunguka: mbili nzima za 23, moja 24, moja 22. Hiyo tofauti ishike sana, inaulizwa.

Chukua ile ya nyuzi mbili uongeze mmoja wa mzazi mwingine, namba 21 zimekuwa tatu, jumla 47, hiyo ni Down sindromu, wanasayansi Lejeune, Gautier na Turpin wa Ufaransa ndio walioonyesha chanzo chake 1959. Ile tupu inatoa 45 na mimba yake kwa kawaida inatoka. X ni tofauti kidogo, msichana mwenye X moja tu anaweza kuzaliwa na kuishi, hiyo ndio Turner sindromu.

Na mbona umri wa mama unatajwa sana? Mayai yake yanaanza meiosisi yeye mwenyewe akiwa bado tumboni, yanasimama hapo miaka na miaka, na kohesini, protini inayoshikilia kromosomu, inachakaa. Mama hajalogwa wala hajakosea kitu, jamani tuache kumnyooshea kidole, hata wa miaka 20 inampata, na kosa linaweza kutoka upande wa baba pia.

Uzi ukibaki, jaribu mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili: yai limeshatungwa vizuri, alafu seli moja inakosea baadaye ikigawanyika, mtoto anakuwa na seli za 46 na za 47 pamoja. Hiyo inaitwa mozaiki.