Taa ya tangi la samaki iwake kwa muda gani?

Wafugaji wa samaki wa mapambo wanaongezeka Mbeya mjini, Iringa na hata Makambako. Wengi wao huuliza kwanza habari za chakula. Habari za taa huja baadaye, kioo kikishaota utelezi wa kijani na maji yakishapoteza ung'avu. Hapo mtu hukimbilia dukani kutafuta dawa, ilhali mara nyingi tatizo lipo kwenye swichi ya ukutani.

Tangi jipya liwashiwe taa kwa muda wa saa 6 kwa siku. Tangi lililokomaa na lenye mimea hai linahitaji saa 8. Likiwa na mimea mingi inayokua vizuri unaweza kufika saa 10, na hapo ndipo mwisho. Tangi lisilo na mmea hata mmoja halidai taa kwa ajili ya uhai wa samaki, kwa hiyo iwashe tu wakati watu wa nyumbani wanapotaka kuwatazama.

Samaki hali mwanga. Anachohitaji ni kujua mchana ni upi na usiku ni upi, ili ale, atembee na alale kwa zamu. Hana kope za kufumba, hivyo taa ikiwaka usiku kucha hana namna ya kujikinga nayo. Samaki wa namna hiyo hupauka, hujificha nyuma ya mawe, hukataa chakula, na magonjwa humpata kwa urahisi. Zile taa za buluu zinazoachwa ziwake hadi asubuhi kwa sababu zinapendeza sebuleni, nashauri zizimwe. Kama familia hukaa na televisheni mpaka usiku mwingi, funika tangi kwa kitenge upande unaoelekea mwanga, lakini acha nafasi juu hewa ipite.

Mtu anaweza kuuliza: huku kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, tofauti ya Juni na Desemba ikiwa takribani saa moja tu, na samaki wa Ziwa Nyasa wamezoea hivyo tangu zamani, kwa nini basi taa isiwake saa 12? Jibu lipo kwenye ukubwa wa maji. Ziwani maji ni mengi na walaji wa mwani, yaani ule utelezi wa kijani, ni wengi. Ndani ya tangi la lita 60 au 100, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vinageuka kuwa naitreti na fosfeti, yaani mbolea ileile inayostawisha mahindi shambani. Mbolea ipo, maji yapo. Ukiongeza mwanga mwingi, mwani unapata kila unachotaka. Mimea yako ya majini nayo inautumia huo mwanga, lakini mwani hukua haraka zaidi na hauchagui mahali pa kushika.

Tena taa siyo mwanga pekee unaoingia kwenye tangi. Hesabu na dirisha. Jambo hili watu hulisahau, na huku Nyanda za Juu Kusini lina msimu wake. Kuanzia Mei hadi Agosti, jua la adhuhuri huwa limeinamia kaskazini na anga mara nyingi ni safi, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini hupitisha jua mpaka katikati ya chumba. Mwezi Desemba jua lile liko karibu utosini, limeegemea kusini kidogo, na dirisha hilohilo haliingizi kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na tangi safi msimu wote wa mvua, kisha Juni likageuka kijani ghafla wakati hajabadilisha chochote. Kaa karibu na tangi siku nzima ya mapumziko uangalie jua linaligusa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Likiligusa moja kwa moja, hamisha tangi au weka pazia zito. Kupunguza saa za taa peke yake hakutoshi hapo.

Tangi jipya nalipatia saa 6 kwa sababu bado halijatulia. Bakteria wanaosafisha sumu ya kinyesi huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga makazi kwenye kichujio na kokoto, na maji yakiwa ya baridi huchelewa zaidi. Mimea nayo inakuwa imetoka kupandwa, mizizi haijashika. Mwanga mwingi wakati huo unaufaidisha mwani tu. Ukiona utando wa rangi ya kahawia kwenye kioo majuma ya mwanzo, usitishike. Ufute kwa sifongo safi isiyo na sabuni, kwa kawaida huisha wenyewe tangi likikomaa.

Kwa mtu anayeshinda kazini, mpango ninaoupendekeza ni kuwasha saa nane mchana na kuzima saa nne usiku. Utarudi nyumbani uwakute samaki wamechangamka, utawalisha taa ikiwaka, na bado watapata usiku mrefu. Nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi. Kukumbuka kwa kichwa hakudumu, na kukosa ratiba kunawasumbua samaki kuliko kupungukiwa na saa moja ya mwanga. Ila taima za kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika, kisha huendelea pale zilipoachia. Umeme ukikosekana kwa muda wa saa 3, taa nayo itachelewa kwa saa 3 kila siku mpaka uirekebishe. Iangalie kila baada ya katizo. Jioni, usizime taa ya tangi chumba kikiwa tayari giza totoro. Zima ya tangi kwanza, ya chumba ifuate baada ya nusu saa, maana samaki akishtuka hujigonga kwenye kioo.

Gharama haipaswi kumwogopesha mtu. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 8 kwa siku hutumia uniti 2.4 za LUKU kwa mwezi wa siku 30. Tyubu ya wati 40 kwa muda huohuo hula uniti 9.6, na ukiiacha saa 14 inafika 16.8.

Kuna kosa moja la msimu wa baridi ambalo naomba sana liachwe. Juni na Julai, usiku wa Mbeya, Njombe na Makete unapouma, watu huacha taa ikiwaka ili ipashe maji joto. Taa haipashi vya kutosha, na joto lake linabaki juu juu. Ikizimwa maji yanapoa tena, samaki wanabaki kupanda na kushuka joto kila siku, na huko ndiko kunakowaua. Samaki wengi wa maji ya joto wanataka nyuzi 24 hadi 26 zisizoyumba. Kazi hiyo ni ya hita yenye kidhibiti joto, na hiyo huachwa ifanye kazi mchana na usiku. Kama hita haimo kwenye bajeti yako, fuga samaki wa dhahabu, wanaoridhika na nyuzi 18 hadi 22, uwaache wengine mpaka uwe tayari.

Wanaofuga mbuna, wale samaki wa rangi kutoka kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, wana unafuu wao. Mbuna kwa asili hukwangua mwani juu ya mawe, ndicho chakula chao. Kwa hiyo safisha kioo cha mbele tu, ule wa kijani ulio kwenye mawe na kioo cha nyuma uache wajilie. Saa 8 hadi 10 za taa zinawafaa. Hakikisha tu walikopatikana panaeleweka: kuvua samaki ziwani kwa ajili ya biashara kunahitaji kibali, na afisa uvuvi wa halmashauri yako atakuelekeza. Na samaki au majani ya tangi usiyoyataka tena, kamwe usimwage mtoni.

Tangi likishakuwa la kijani, anza na mwanga kabla ya dawa. Punguza saa 2 za taa, badilisha robo ya maji kila wiki, na chakula kiwe kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili au tatu. Subiri wiki tatu ndipo uamue. Maji yenyewe yakiwa kijani kama mchuzi wa mlenda, lifunike tangi lote kwa blanketi siku 3 hadi 4, taa imezimwa, pampu ya hewa ikiendelea bila kukoma, maana mwani unapokufa hula oksijeni. Samaki wazima watastahimili bila chakula siku hizo. Ukifunua, badilisha theluthi ya maji, safisha kichujio kwa maji ya tangi lenyewe, kisha anza upya na saa 6.

Ukiwaona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, usidhani wanalilia mwanga. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni, na alfajiri ndipo inapokuwa kidogo kabisa. Ongeza hewa.

Wanaototolesha kambale ndani ya nyumba wafuate kanuni tofauti. Vifaranga wa kambale hupenda kiza. Wakikaa kwenye mwanga mkali huhangaika na kung'atana. Funika matangi yao, washa taa hafifu wakati wa kulisha na kusafisha tu.

Umeme ukikatika jioni nzima, usifidie zile saa kwa kuwasha taa mpaka usiku wa manane. Betri ya akiba uliyonayo ipeleke kwenye pampu ya hewa. Taa ngoja mpaka kesho, saa nane mchana.