Kabla ya Kuvuka Mto Sabaki na Pikapu Kuukuu: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Tangi na Mshale wa Mafuta

Mshale wa mafuta uliokufa kabisa haumdhuru mtu. Ukiwasha swichi nao usitikisike, unajua huna mshale; unahesabu kilomita zako na kwenda kwa adabu. Unaotia watu mashakani ni ule unaosema kweli siku nne kwa wiki. Wangu ulikuwa wa aina hiyo. Hilux ya dizeli ya miaka ya 80, niliyoipata mkono wa tatu hapa Malindi, ilinionyesha nusu tangi tangu Gongoni mpaka nikabakisha kilomita chache kufika Minjila, nami nikafurahi kwamba leo haikula mafuta. Ikakohoa mara mbili, ikazima. Mshale bado nusu. Nyuma mlikuwa na mifuko 18 ya saruji ya mtu aliyekuwa akinisubiri Mokowe, upande wa Lamu, mashua yake imefunga gatini, na kila nusu saa ananipigia. Tulikaa juani, mimi na tanboi, mpaka mtu wa bodaboda akatuletea lita 10 kwa bei aliyoitaka yeye. Tukatia, na gari halikuwaka. Hilo la kutowaka nitalifikia.

Ninayoyaandika hapa ni yale ninayoyapitia sasa kabla ya kutoka mjini. Mengine ni ya kila safari. Mengine ni kazi ya siku moja, ukishaifanya huirudii mpaka ubadilishe gari.

Kazi ya siku moja iliyo kubwa kuliko zote ni kujua tangi lako linashika lita ngapi. Si linaloandikwa kitabuni, wala analolitaja muuzaji, maana muuzaji kwake kila tangi ni lita 80. Pikapu nyingi za tani moja ziko kati ya lita 55 na 80, na kuna Land Cruiser za muundo wa 79 zilizotoka kiwandani na tangi la lita 130. Lakini gari lililokaa miaka 30 kwenye barabara zetu si lile lililotoka kiwandani. Huenda tangi limewahi kutobolewa na jiwe likachomelewa, au likatolewa kwenye gari jingine kabisa na kufungwa kwa vyuma vya kubuni. Isitoshe, bomba linalovuta mafuta haligusi sakafu ya tangi, na halikusudiwi kuigusa, ili lisifyonze uchafu uliolala chini. Kwa hiyo kuna lita kadhaa unazozibeba maisha yako yote na injini haizionji.

Namna ya kupima ni hii. Chagua siku ambayo mafuta yamepungua sana. Weka gari mahali tambarare penye hewa, mbali na jiko na mvuta sigara, ufungue nati ya chini ya tangi na kumwagia mafuta kwenye beseni safi. Kama ni gari la petroli, mwachie fundi kazi hii, mvuke wake si wa kuchezewa. Wala usivute kwa mdomo na mpira, iwe petroli au dizeli; yakipita njia isiyo yake yanaingia mapafuni. Tangi likiwa tupu, funga nati, tia lita 5 kwa kipimo, washa swichi bila kupiga stata, ungoje dakika moja na kutazama mshale. Mishale ya magari ya zamani huenda polepole, usiikimbize. Bandika utepe wa karatasi kwenye kioo cha dashibodi na uweke alama kwa penseli. Tia nyingine 5. Endelea hivyo hadi shingoni.

Utakachokiona kitakushangaza. Alama haziachani sawasawa. Tangi lina mikunjo ya kukwepa chesisi na shafti, juu pana na chini pembamba au kinyume chake, hivyo nusu ya mshale si nusu ya lita. Kwenye tangi la namna hiyo nusu ya juu inaweza kuchukua muda mrefu kushuka, halafu robo ya mwisho ikaporomoka. Na tangi nililoambiwa ni la lita 65 lilipokea 61, likaanza kumwagika. Lita 4 zilizopotea nikazidharau. Ndizo zilizokuwa na habari yote.

Nilimpelekea gari mzee mmoja fundi wa waya, anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Mimi nilishakata shauri kwamba dashibodi ndiyo mbovu, nikataka anitafutie nyingine. Akacheka. "Mwanangu, wewe unamtafuta mchawi ndani, naye kalala chini ya bodi."

Alinieleza hivi. Ndani ya tangi kuna boya dogo, mafundi wanaliita floti, lililo kwenye mwisho wa mkono wa waya mgumu. Mafuta yakipanda, floti inapanda, na mkono unateleza juu ya ukanda wenye ukinzani wa umeme. Kwenye Toyota nyingi za zamani ukinzani huo ni kama omu 110 (omu ni kipimo cha ukinzani) tangi likiwa tupu, na omu chache tu likiwa limejaa. Dashibodi haijui mafuta. Inajua umeme kiasi gani umepita. Basi waya ukikatika, umeme haupiti, na mshale unalala kwenye tupu hata kama umetoka kujaza. Waya huohuo ukichunika na kugusa chesisi, umeme unapita wote, na mshale unakuambia umejaa hadi siku ya kiama. Kumbuka tu kwamba sheria hii si ya dunia nzima. Magari ya zamani ya kampuni ya GM ya Marekani, Chevrolet na wenzake, yalipangwa kinyume: omu 0 ni tupu na omu 90 ni kujaa. Kwenye magari hayo waya uliokatika ndio unaopeleka mshale juu. Mwenye Chevrolet akifuata ushauri wa mwenye Hilux atafungua kisichohitaji kufunguliwa.

Jaribio lenyewe halichukui robo saa. Chomoa waya kwenye kifuniko cha geji ya tangi, ile yenye floti, washa swichi: mshale wa Toyota unapaswa kulala kwenye tupu. Kisha chukua balbu ndogo ya taa ya dashibodi, upande mmoja uguse ule waya, upande wa pili uguse chuma kisafi cha chesisi. Balbu ikiwaka na mshale ukaanza kupanda, dashibodi yako haina kosa, wala waya wa njiani hauna kosa. Usiunganishe moja kwa moja bila balbu, utaichoma geji ya dashibodi. Na kama geji ya joto la injini nayo inapotoka pamoja na ya mafuta, uache tangi kabisa. Kwenye magari mengi ya zamani kuna kidhibiti kimoja cha umeme kinachozilisha zote mbili, nacho hufa.

Sisi wa pwani tuna ugonjwa mmoja ambao mtu wa bara haujui sana, nao ni wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini. Geji ya tangi inarudisha umeme kupitia mwili wa gari, na mwili wa gari Malindi unakula chumvi usiku na mchana. Ile skurubu ya waya wa ethi inapata kutu ya kijani, umeme unapita leo, kesho haupiti, gari likitikisika unarudi. Ndio mshale wa siku nne kwa wiki. Mzee alifungua skurubu, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga na kupaka grisi juu. Nilimlipa nikidhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Mshale ulianza kwenda vizuri kutoka juu, ukifika nusu unaganda. Ikabidi tangi lishushwe. Upande wa chini palikuwa na mbonyeo ambao ningeweza kulaza sufuria ndani yake, jiwe la zamani sana, pengine la mwenye gari wa kwanza. Lile tumbo lililoingia ndani ndilo lililonyang'anya lita 4, na ndilo lililokuwa likiuzuia mkono wa floti usishuke. Mafuta yanaendelea kushuka, floti imekaa juu ya kilima chake. Siku hizi mtu akiniambia pikapu yake inaganda kwenye nusu, simwulizi habari za waya. Namwambia alale chini atazame tumbo la tangi.

Taa ya njano ya mafuta nayo usiisahau. Kwenye Toyota nyingi za zamani taa hiyo haitegemei floti. Ina kijidude chake ndani ya tangi ambacho kikizama kwenye mafuta kinakaa baridi, kikikaa wazi kinapata joto na kuwasha taa. Kwa hiyo mshale unaweza kuongopa na taa ikasema kweli. Yangu isingesema kitu, balbu ilikuwa imeungua. Balbu ya bei ya kikombe cha kahawa.

Sasa hesabu. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, fanya safari zako, rudi pampu ileile ujaze tena mpaka ijikate. Kilomita 312 kwa lita 34 ni kilomita 9 na kidogo kwa lita moja. Pima ukiwa na mzigo, upime tena bila mzigo, kwa sababu ni magari mawili tofauti. Langu linakwenda kilomita 8 kwa lita likiwa na saruji na 10 likirudi tupu. Malindi mpaka Mokowe ni karibu kilomita 220. Kwenda ni lita 27 na nusu, kurudi 22, jumla karibu lita 50. Kwenye lita 61 toa 5 ambazo bomba halizifikii, zinabaki 56. Yaani safari nzima, kwenda na kurudi, inaniachia lita 6 za akiba, na hapo hakuna kilichoharibika. Mwisho wa 2023 mto Tana ulipofurika na maji kukata barabara upande wa Gamba, hesabu ya namna hii haikumfaa mtu. Lami ya Garsen hadi Lamu imetufanya tusahau upesi.

Mita ya kilomita yenyewe ichunguzwe. Kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, mita itahesabu pungufu, utadhani umekwenda 200 kumbe umepita hapo. Kama kebo imekatika, tumia miji: unajua Marereni iko wapi na Witu iko wapi.

Narudi kwenye kutowaka. Gari la petroli la kabureta likiishiwa, unatia mafuta, unapiga stata, unakwenda. Dizeli haikusamehe hivyo. Tangi likikauka hewa inaingia kwenye mabomba, na pampu ya nozo (nozo ndizo zinazopuliza dizeli ndani ya injini) haiwezi kuisukuma hewa. Juu ya filta kuna pampu ya mkono. Bonyeza mpaka iwe ngumu. Ikikataa bado, legeza nati za mabomba kwenye nozo, nyingi ni spana namba 17, mwenzako apige stata mpaka dizeli itoke bila povu, kisha uzikaze moja baada ya nyingine. Siku ile sikuwa na spana. Tangu hapo namba 17 inakaa chini ya kiti pamoja na filta mpya, kwa sababu tangi likikauka huvuta uchafu wote wa miaka, na filta ndiyo inayoupokea.

Jerikeni la akiba liwe la mafuta ya gari, si la mafuta ya kupikia lililooshwa. Ukilijaza, lishushe chini kwenye ardhi, usilijazie juu ya bodi lenye mkeka wa mpira au plastiki. Umeme tuli haupigi hodi. Usilijaze mpaka mdomoni. Petroli huvimba kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, na jerikeni lililojazwa alfajiri litakuwa limetuna kufikia adhuhuri. Lifunge kwa kamba lisimame, mbali na betri.

Kuhusu bei, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na zinaanza kutumika usiku wa kuamkia 15. Watu wanasukumana pampuni jioni hiyo. Mimi hujaza tarehe 13, zishuke au zipande, kwa kuwa shilingi chache za tofauti hazinishughulishi kama foleni.

Na Minjila nasimama. Penseli kwenye utepe inaniambia mita ilisoma kilomita ngapi nilipoondoka Malindi; nazitoa kwenye za sasa, nagawa kwa 8, najazia lita zilezile zilizotumika. Tanboi hupenda kunyoosha kidole kwenye dashibodi: "Bosi, si mshale unasema tunayo?" Namwambia ashuke afungue kifuniko.