Sherehe ya kuzaliwa ya mtoto mdogo: kupanga matumizi kabla hujatoa hata shilingi

Kazi yangu ni keki na vitafunio vya shughuli hapa mjini Unguja, na wateja wangu wengi ni wazazi wa watoto wa mwaka mmoja hadi sita. Karibu wote huanza kwa kuuliza keki ya kilo mbili bei gani. Ningependa waanze na swali jingine: nina fedha kiasi gani ambazo zikitoka, nyumba haitayumba hadi mwisho wa mwezi? Jibu la swali hilo likishapatikana, keki tunaweza kuipanga kwa namna nyingi. Likikosekana, hata keki ndogo inaweza kuwa kubwa mno.

Huu ndio utaratibu ninaowapa wazazi wanaonijia mapema.

Hatua ya 1: Pata kiwango chako, na usimwambie mtu kwanza

Kaa na mwenzako, andikeni. Toeni chakula cha mwezi, kodi, ada ya skuli na ya chuo cha Kurani, umeme, nauli, upatu, na kile mnachowapelekea wazee. Kinachobaki ndicho mnachoweza kukigusa, na ushauri wangu ni kwamba sherehe isichukue zaidi ya nusu yake.

Ikiwa nusu hiyo haitoshi, msikimbilie mkopo. Tarehe ya kuzaliwa mtoto mnaijua mwaka mzima, kwa hivyo anzeni kuweka miezi mitatu kabla. Shilingi 12,500 kwa wiki, kwa wiki 12, ni 150,000. Fedha za upatu zikiwa zimeshapangiwa paa au ada, ziacheni kwenye kazi yake. Na mkopo wa kwenye simu kwa ajili ya sherehe ya mtoto wa miaka mitatu siukubali kabisa. Nimewaona wazazi wakiendelea kuulipa wakati mtoto hata hakumbuki kulikuwa na nini.

Nasema msimwambie mtu kwa sababu habari ikishamfikia wifi, shangazi na jirani wa mbele, wageni wataanza kuongezeka kabla bajeti haijazaliwa. Mtoto mwenyewe pia asiahidiwe kitu mpaka kiwango kijulikane. Mtoto wa miaka mitano akiambiwa atapata bembea ya kupuliza, ile ya kurukia, huwezi kumrudisha nyuma bila machozi.

Wapo pia jamaa wasiosherehekea siku ya kuzaliwa kwa sababu za dini. Msiwabane. Kuna nyumba ambazo siku hiyo husomwa dua, watoto wa chuo wakapewa chakula, na shughuli ikaishia hapo. Hesabu za kufuata ni hizi hizi.

Hatua ya 2: Tazama umri

Mtoto wa mwaka mmoja hajui kuna sherehe. Anachokijua ni kelele, joto na kupokezwa mikono ya watu. Hapo dua, picha mbili tatu, mkate wa mayai na chai kwa watu wa nyumbani vinatosha sana. Wa miaka miwili na mitatu anafurahia wenzake wanne au watano kwa muda wa saa moja na nusu, kisha anataka kulala. Kuanzia miaka minne ndipo mtoto anakuwa na marafiki anaowataja kwa majina, na hapo ndipo fedha zinapopata pa kwenda. Mzazi mwenye uwezo mdogo anaweza kuipitisha miaka ya mwanzo kimya kimya, akaweka nguvu kwenye mwaka wa tano. Mtoto hatakuwa amepungukiwa na kitu.

Hatua ya 3: Hesabu vichwa, pamoja na wale usiowaalika

Idadi ya watu ndiyo bei yenyewe. Rangi ya maputo na umbo la keki huongeza kidogo, watu ndio huongeza sana.

Kuanzia miaka minne, kipimo changu ni umri wa mtoto mara mbili, halafu ongeza wawili. Wa miaka mitano alike watoto 12, na watu wazima watano wa kusaidia. Andika majina yao. Ukisema tu "watoto wa mtaani na wachache wa skuli", hujaandika kitu.

Kwetu lakini mlango haufungwi. Ukikaa Kikwajuni, Magomeni au Mwembetanga, muziki ukilia uani watoto watajipanga barazani, na mgeni aliyealikwa na mtoto mmoja atakuja na watatu kwa sababu hana wa kumwachia. Hakuna mtu mwenye moyo atakayewafukuza, na sipendi kuona mtoto akitolewa mlangoni huku anaona keki inakatwa. Kwa hivyo wapange tangu mwanzo. Mimi huita sinia ya mlangoni: kachori ndogo, vipande vya mkate wa mayai, na ndoo ya juisi yenye bilauri zake. Mpe mtu mzima mmoja kazi ya kulisimamia sinia hilo na aligawe mara tu watoto wa ndani wanapoanza kula. Fungu lake ni dogo, na linalinda kila kitu kilichomo ndani. Nyumba isiyoweka sinia hili huishia kukata keki vipande vya ukucha, na mtoto mwenye siku yake hukosa kipande cha pili.

Hatua ya 4: Gawa fedha

Unga, sukari na mayai mengi huvuka bahari ndipo yatufikie, na bei hupanda na kushuka, hasa Ramadhani inapokaribia. Kwa hivyo namba zifuatazo zichukue kama mfano wa hesabu, kisha uziandike upya kwa bei utakazozikuta sokoni Darajani au Mwanakwerekwe wiki hiyo.

Tuseme una 150,000, watoto 12 na watu wazima watano. Mimi ningeigawa hivi: keki 40,000, vitafunio 42,000, vinywaji 10,000, sahani, bilauri, tishu na mishumaa 8,000, vifurushi vya watoto kuondoka navyo 12,000, yaani elfu moja kila mtoto, sinia ya mlangoni 8,000, mapambo 10,000, usafiri 5,000. Zinabaki 15,000, na hizo hazina jina. Ni za gesi itakayokwisha katikati ya kukaanga, au barafu ya ghafla umeme ukikatika.

Sasa chukua keki, vitafunio, vinywaji na sahani. Jumla 100,000. Gawa kwa watu 17, utapata karibu 5,900 kwa kila mtu. Namba hii iweke kwenye karatasi ubandike jikoni. Mtu akikwambia "waongeze na wale wa ofisini, ni 20 tu", unajua papo hapo kuwa anakuomba karibu 118,000 nyingine, na bado vifurushi. Mara nyingi mzazi akishaiona namba hiyo mwenyewe, simwambii tena kitu.

Hatua ya 5: Keki

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure, na nasema hivi nikiwa mimi ndiye ninayeziuza.

Kinachopandisha bei ya keki ni mapambo, kwa sababu ya saa ninazokaa nayo. Sanamu za fondanti, yaani sukari ya kufinyanga, ghorofa, maua ya sukari: watoto huzibandua, wanalamba kidogo, wanaziacha sahanini. Kwa hivyo agiza keki ndogo, ya kilo moja, yenye pambo moja analolipenda mtoto. Hiyo ni ya mishumaa na picha. Ya kula, pika mkate wa mayai nyumbani katika sinia pana: mayai manane, sukari kikombe kimoja na nusu, unga vikombe viwili, iliki iliyosagwa. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, kisha tia unga kidogo kidogo kwa mkono mwepesi. Huna oveni, palia makaa juu, na chini acha machache. Kata miraba. Katika mfano wetu, 32,000 ni za keki na 8,000 za vitu vya mkate huu.

Muulize mwokaji wako mambo mawili kabla hujatoa arbuni. Kwanza, kilo anayoisema ni ya keki iliyokwisha pambwa, au ni ya unga? Wapo wanaohesabu hivi na wapo wanaohesabu vile, na tofauti utaiona siku ya kukata. Pili, krimu gani? Krimu ya maziwa haistahimili joto letu. Ukiipakia kwenye daladala mchana wa Januari itafika imelala. Siagi na sukari inavumilia zaidi, ingawa nayo hailipendi jua. Ifuate keki baada ya adhuhuri, ishike mwenyewe, isikae kwenye kiti.

Hatua ya 6: Chakula na vinywaji

Watoto wadogo hula kidogo siku ya sherehe, wanataka kukimbia. Sambusa mbili, katlesi moja, kipande cha keki, bilauri mbili ndogo za juisi: mtoto ameshiba. Biriani na pilau ziache kwa harusi. Mzazi anayepika sufuria ya pilau kwa sherehe ya mtoto anawapikia watu wazima, na lazima aihesabu hivyo.

Kilo moja ya nyama ya kusaga, yenye vitunguu vya kutosha, hunipa sambusa ndogo 40 na zaidi. Kwa watu wetu 17 ni mbili mbili, na chache za ziada. Kilo mbili za mbatata zinatoa katlesi kama 30. Manda za kufungia sambusa unaweza kununua tayari ukiokoa muda, au usukume mwenyewe ukiokoa fedha. Funga sambusa usiku wa kuamkia siku yenyewe, kaanga baada ya sala ya adhuhuri.

Kinywaji, tengeneza ukwaju. Nusu kilo hutoa lita nne hadi tano, na soda zimo nje ya hesabu kabisa. Msimu wa embe ukiwa umefika, embe ni rahisi zaidi na watoto wanazipenda. Maji ya kuchanganyia yachemshwe na kupozwa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mzazi: wa chini ya miaka minne wasipewe karanga nzima, bisi wala peremende ngumu. Huwapalia. Vipande vya puto lililopasuka navyo viokotwe mara moja, kwa sababu mtoto huvitia mdomoni.

Hatua ya 7: Mahali na saa

Nyumbani ni bure, na uani panatosha watoto 12 ukitandika mikeka. Ukikosa nafasi, Bustani ya Forodhani ina sehemu ya watoto kuchezea. Fika mara baada ya alasiri, kabla wauza vyakula hawajajaa. Weka mtu mzima mmoja upande wa bahari asiyefanya kazi nyingine yoyote, maana vijana huruka pale ukutani na wadogo hutaka kuwaiga. Uwanja wa watoto wa Kariakoo, hapa hapa Unguja, nao unapendwa, lakini michezo hulipiwa. Zidisha bei kwa idadi ya watoto kabla hujaahidi. Kwa walioko Chake Chake, Pemba, fanyeni hivyo hivyo kwa uwanja wa watoto wa Tibirinzi.

Chagua siku ambayo watoto hawana chuo. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, usitegemee uwanja wa wazi. Anza saa kumi na robo, maliza kabla ya magharibi. Saa mbili zinatosha, na muda mfupi unapunguza chakula.

Na ikiwa siku ya mtoto iko karibu na Idi, zisogeze pamoja. Nguo mpya ipo, viatu vipo, jamaa wamekwisha kusanyika. Unabaki na keki na juisi tu.

Hatua ya 8: Mapambo, zawadi, skuli

Maputo, karatasi za rangi, na kanga mbili safi ukutani nyuma ya meza ya keki. Basi. Kanga hupendeza kwenye picha kuliko mabango ya kukodi, na unazo kabatini. Kifurushi cha mtoto kiwe na kitu kimoja cha kutumia, kama penseli ya rangi, na pakiti ndogo ya ubuyu au vileja.

Wanaotaka kupeleka keki skuli ya maandalizi, zungumzeni na mwalimu kwanza. Peleka keki za vikombe, moja kwa kila mtoto, zote za namna moja. Ukipeleka keki kubwa yenye zawadi, mzazi wa wiki ijayo atajiona analazimika kufanya kama wewe, na pengine hana.

Hatua ya 9: Siku yenyewe na kesho yake

Fedha zote zikae kwa mtu mmoja, na kila kinachonunuliwa kiandikwe. Jamaa akiuliza alete nini, mtajie kitu: barafu, tende, au mikono yake ya kukaanga. Msaada usiotajwa kwa jina huja kama maputo kumi zaidi.

Kata keki mapema, nusu saa baada ya kuanza, watoto wakiwa bado na subira. Mishumaa iwake mtoto akiwa amesimamiwa na mtu mzima, nywele na mashela yakiwa mbali na moto.

Kesho yake, kabla hujasahau, andika vitafunio vingapi vilibaki, ni watoto wangapi walikuja hasa, na sinia ya mlangoni iliisha saa ngapi. Zile 15,000 zisizo na jina, zikiwa hazikuguswa, zianzishe mkoba wa mwaka ujao.